Mbwa Dume Akishahasiwa: Tabia Zinazobadilika na Zinazobaki

  Kama unachuma majani chai kule Manyatta, au unachambua maharagwe Nkubu, au umeketi kivulini Siakago ukingoja jua lipungue, ongeza sauti ya redio kidogo. Leo tunazungumza juu ya mbwa wetu wa nyumbani.

Huenda ukauliza, "Mbwa na afya ya mtoto wangu vina uhusiano gani?" Uhusiano upo, tena mkubwa. Maboma mengi ya Meru na Embu yana mbwa. Yeye ndiye mlinzi wa ng'ombe, wa kuku, na wa shamba la miraa au muguka usiku. Lakini anayempa mbwa ugali kila jioni ni nani? Ni mama. Na anayecheza naye mchana kutwa ni nani? Ni mtoto. Kwa hiyo tabia ya mbwa ikibadilika, wewe na watoto ndio mtakaoiona kwanza.

Siku hizi watu wengi wanauliza juu ya kuhasi mbwa dume aliyekwisha kukomaa. Wengine wanasema mbwa aliyehasiwa hulala tu na kuachia wezi mlango. Wengine wanasema mbwa aliyehasiwa hawezi kuuma mtu, basi mtoto anaweza kumchezea apendavyo. Wengine hata wanasema akihasiwa hawezi kupata kichaa. Mama mpendwa, katika maneno hayo hakuna lililo kweli, na hayo mawili ya mwisho yanaweza kumgharimu mtoto maisha. Hebu tuyaangalie moja baada ya jingine.

KUHASI NI KUFANYA NINI?

Kuhasi mbwa dume ni kumtoa korodani zote mbili. Daktari wa mifugo humpa mbwa dawa ya usingizi, humkata sehemu ndogo, hutoa korodani, kisha hushona. Mbwa hasikii uchungu wakati huo kwa sababu amelala. Kazi hii haichukui muda mrefu, na mara nyingi mbwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Korodani ndizo zinazotengeneza homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Homoni hiyo ndiyo inayomsukuma dume kutafuta majike, kupigana na madume wenzake, na kuweka alama za mkojo kila mahali. Korodani zikitolewa, homoni hiyo hushuka haraka katika damu.

Tafadhali usikubali mtu ahasi mbwa wako kwa wembe au kisu nyuma ya nyumba, bila dawa ya usingizi. Huo ni ukatili, na sheria ya Kenya inakataza kutesa wanyama. Tena ni hatari. Mbwa anaweza kutoka damu nyingi au kidonda kuoza. Na mbwa mwenye uchungu mkali humuuma yeyote aliye karibu, hata mwenye nyumba.

TABIA ZINAZOPUNGUA

Sasa tuseme Simba, mbwa wa nyumbani kwako, ana miaka 3. Kila jike wa kijiji akiwa kwenye joto, Simba haonekani kwa siku tatu. Akirudi, ana sikio lililoraruka na anachechemea. Je, akihasiwa ataacha?

Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani, walichapisha matokeo juu ya mbwa dume 57. Wote walikuwa wamehasiwa wakiwa watu wazima, yaani wakiwa na zaidi ya miaka 2, na kila mmoja alikuwa na tabia iliyomsumbua mwenyewe. Tabia tatu ndizo zilizopungua zaidi.

Ya kwanza ni kuzurura. Mbwa hukaa zaidi nyumbani kwa sababu harufu ya jike aliye mbali haimvuti tena kama zamani.

Ya pili ni kupanda. Hapa tunasema kupanda mbwa wengine, viti, na hata miguu ya wageni na watoto.

Ya tatu ni kukojolea vitu ili kuweka alama, kama vile nguzo ya mlango, gunia la mahindi, au ndoo ya maji.

Katika mbwa 100, zaidi ya 60 walipunguza tabia hizo kwa nusu au zaidi. Baadhi yao, kati ya 25 na 40 katika kila 100, waliziacha karibu kabisa. Na watafiti waliona jambo jingine la kutia moyo: umri wa mbwa, au muda aliokaa na tabia hiyo, haukuonyesha kama angebadilika au la. Kwa hiyo usiseme, "Simba amezeeka, amechelewa."

Mbwa anayekaa nyumbani ana faida kwa familia. Hapigwi na gari barabarani. Hapigani ovyo na mbwa wasiojulikana, ambao mmoja wao anaweza kuwa na kichaa. Pia hapati kwa urahisi ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wanapopandana. Na kuna faida kwa watoto wa jirani pia. Umewahi kuona kundi la madume likimfuata jike mmoja njiani asubuhi, wakati watoto wanaenda shule? Madume hayo yana hasira na yanapigana. Mtoto akipita katikati yao anaweza kuumwa. Kila dume anayebaki nyumbani ni mmoja aliyepungua katika kundi hilo.

TABIA ZISIZOBADILIKA

Hapa ndipo watu wengi hukosea.

Kwanza, ulinzi. Mbwa habweki kwa sababu ya korodani. Hubweka kwa sababu anajua nyumba yake na watu wake, na anamsikia mgeni. Mbwa aliyehasiwa huendelea kubweka na kulinda. Kwa kweli, mlinzi anayelala nyumbani ni bora kuliko yule anayezurura Runyenjes nzima wakati mwizi yuko zizini.

Pili, tabia za kujifunza. Mbwa aliyezoea kula mayai au kufukuza kuku hataacha kwa sababu amehasiwa. Anayefukuza pikipiki ataendelea kuzifukuza. Hayo yanahitaji kumfundisha, kumlisha vizuri na kufunga lango.

Tatu, na hili lisikilizeni sana: kuuma. Mbwa huuma kwa sababu nyingi. Yuko anayeuma kwa kuogopa. Yuko anayelinda chakula chake. Yuko anayeumwa na kidonda. Yuko aliyefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa hata akakosa subira. Sababu hizo hazitoki kwenye korodani. Katika utafiti ule wa mwaka 1997, chini ya theluthi moja ya mbwa wenye ukali ndio waliobadilika sana baada ya kuhasiwa. Madume kupigana wenyewe kwa wenyewe kunaweza kupungua, lakini mbwa mwoga anayeuma kwa hofu anaweza kubaki vile vile.

Kwa hiyo, mama, mbwa aliyehasiwa bado ana meno. Usimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa yeyote, hata kama ni mpole kiasi gani. Wafundishe watoto wasimguse mbwa anapokula, anapolala, au anaponyonyesha. Wasimvute mkia wala masikio. Wasimtupie mawe. Mbwa wasiyemjua akiwakaribia, wasikimbie. Wasimame kimya, mikono chini, bila kumkazia macho, mpaka aende zake.

MABADILIKO HUCHUKUA MUDA GANI?

Mama mmoja anaweza kusema, "Tumemhasi Jumatatu, na Ijumaa ameruka ua tena!" Haraka haraka haina baraka. Homoni hushuka haraka, lakini mazoea hupungua polepole. Kwa mbwa wengine utaona tofauti baada ya wiki chache. Kwa wengine ni miezi kadhaa. Na wachache hawatabadilika sana, kwa sababu kuzurura kumekuwa mazoea, au wanakwenda kutafuta chakula. Mbwa mwenye njaa atazurura hata akihasiwa mara ngapi.

Jambo jingine: mbegu za kiume hubaki mwilini kwa muda baada ya korodani kutolewa. Kwa hiyo mzuie asikutane na jike aliye kwenye joto kwa wiki 4 hadi 6 za kwanza. Anaweza kumpa mimba, halafu mkalaumu daktari bure.

Na ikiwa mbwa wako ana korodani moja tu inayoonekana, mwambie daktari mapema. Nyingine inaweza kuwa imejificha tumboni. Ikiachwa humo, itaendelea kutengeneza homoni, na tabia haitabadilika. Tena korodani iliyojificha huweza kuota saratani.

KUMTUNZA BAADA YA KUHASIWA

Kazi hii mara nyingi huangukia mama, kwa hiyo tuielewe vizuri.

Siku ya kwanza mbwa atakuwa na kizunguzungu cha dawa. Mlaze mahali pakavu na penye joto, mbali na ngazi na mbali na watoto. Kule Timau au Kianjokoma, ambako usiku ni baridi, mwekee gunia au nyasi kavu. Mpe maji kidogo, na chakula kidogo akishaamka vizuri. Mbwa mpole kabisa anaweza kuuma wakati huu kwa sababu hajitambui sawasawa na ana maumivu. Waambie watoto, "Simba ni mgonjwa. Mwacheni apumzike."

Kwa siku 10 hadi 14, asikimbie, asiruke, asioshwe, na asilambe kidonda. Angalia kidonda kila asubuhi na jioni. Uvimbe mdogo ni kawaida. Lakini ukiona damu inaendelea kutoka, au usaha, au harufu mbaya, au uvimbe unaokua, au mbwa amekataa chakula siku nzima, mrudishe kwa daktari. Usimpe dawa za maumivu za watu. Vidonge vingi tunavyomeza sisi ni sumu kwa mbwa.

Baada ya hapo, angalia unene. Mbwa aliyehasiwa huhitaji chakula kidogo kuliko zamani, na hali hamu yake ya kula huweza kuongezeka. Yule mbwa unayesikia kuwa "alihasiwa akawa mvivu" mara nyingi amenenepa tu. Ukiona mbavu zimepotea kabisa hata ukizipapasa, punguza ugali.

KUHASI SI CHANJO

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa la leo. Kuhasi hakumkingi mbwa na kichaa. Kinachomkinga ni chanjo ya kichaa cha mbwa, basi. Mbwa aliyehasiwa na hajachanjwa, akiumwa na mbwa mwenye kichaa, anaweza kupata kichaa na kukileta nyumbani.

Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa. Karibu wote waliumwa na mbwa, na kati ya kila wagonjwa 10, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Kenya ina mpango wa taifa ulioanza mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na msingi wa mpango huo ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100.

Je, chanjo kweli inafanya kazi? Tazama kisiwa cha Pemba, Zanzibar. Walichanja mbwa, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekoma. Mwaka 2016 ukaingizwa tena kutoka bara. Wakachanja tena, na mwaka 2018 ukazimwa. Hata jirani zetu wa Laikipia walianza kampeni yao ya kuchanja mbwa mwaka 2015.

Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Kampeni ya chanjo ikitangazwa kanisani, msikitini, au kwenye baraza la chifu, peleka mbwa wote, hata watoto wa mbwa. Ukienda kumhasi, uliza kama anaweza kuchanjwa siku hiyo hiyo, na utunze cheti chake pamoja na kadi za kliniki za watoto.

MABADILIKO GANI YA TABIA NI YA HATARI?

Mama, shika hili. Mabadiliko yanayotokana na kuhasiwa huja polepole, na humfanya mbwa akae nyumbani. Mabadiliko ya kichaa huja ghafla. Mbwa mpole anakuwa mkali, au mbwa mkali anakuwa mpole kupita kiasi na kujipendekeza kwa kila mtu. Anauma mawe, vijiti na hewa. Anatoka nyumbani na kutangatanga bila sababu. Sauti ya kubweka inabadilika. Mate yanamtoka, hawezi kumeza, taya linalegea. Baadaye miguu ya nyuma inakosa nguvu, na anakufa ndani ya siku chache.

Ukiona hayo usiseme, "Labda ni kwa sababu tulimhasi." Wala usiingize mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Waondoe watoto, mfungie akiwa mbali na watu kama inawezekana bila kumshika, na uite ofisi ya mifugo mara moja.

MTOTO AKIUMWA

Iwe mbwa amehasiwa au la, iwe ni wa kwako au wa jirani, fanya hivi:

Kwanza, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Kama huna bomba, mtu mmoja amwage maji kwa jagi na mwingine aoshe. Usipake pilipili, chumvi, mafuta ya taa wala majani.

Pili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, au mbwa amelamba kidonda kilichokuwapo. Kama zahanati ya karibu haina chanjo, waulize wakuelekeze. Usirudi nyumbani kungoja.

Tatu, maliza sindano zote. Hutolewa kwa siku tofauti katika wiki kadhaa. Kidonda kupona nje si sababu ya kuacha. Mama mjamzito au anayenyonyesha pia anaweza kupewa chanjo hii.

Nne, kama mbwa anajulikana, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Msimuue kwa hasira, maana mtakosa kujua kama alikuwa mgonjwa. Lakini mtoto asingoje siku hizo ziishe, aanze matibabu.

MASWALI AMBAYO AKINA MAMA HUULIZA

"Nikimhasi dume wangu, mbwa hawatazaana tena kijijini?" Hapana. Dume mmoja aliyebaki anaweza kuwapa mimba majike wengi. Kama unataka watoto wa mbwa wapungue, majike nao wafungwe uzazi.

"Je, lazima nimhasi?" Si lazima. Kama mbwa wako hazururi, ua ni imara, na hana matata, unaweza kumwacha. Chanjo ndiyo ya lazima.

"Nitampata wapi daktari?" Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Uliza ofisi ya mifugo katika wadi au kaunti ndogo yako, na uhakikishe anayekuja ni daktari aliyesajiliwa. Uliza bei mapema. Majirani mkiungana katika chama chenu, mnaweza kumwita daktari mara moja na kugawana gharama za safari yake.

KUMBUKA

Kuhasi hupunguza kuzurura, kupanda na kukojoa ovyo. Hakuondoi ulinzi, na hakuondoi meno. Mabadiliko huchukua wiki hadi miezi. Mabadiliko ya ghafla ni dalili ya hatari. Na mbwa aliyehasiwa bila chanjo bado anaweza kuleta kifo nyumbani.

Jioni ya leo, ukimpa Simba chakula chake, mwulize mwenye nyumba, au jiulize mwenyewe: alichanjwa lini mara ya mwisho? Kama hakuna anayekumbuka, basi hiyo ndiyo kazi ya wiki hii. Kinga ni bora kuliko tiba.

 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni mbwa wangapi huzurura njia ya shule asubuhi? Ni wa nani?

2. Taja tabia tatu zinazopungua mbwa dume akihasiwa, na tatu zisizobadilika.

3. Mtoto wa jirani ameumwa na mbwa "mpole" aliyehasiwa mwaka jana. Tufanye nini dakika 15 za kwanza? Na baada ya hapo?

4. Tunawezaje kuungana ili mbwa wetu wote wachanjwe mwaka huu?